Kumbukumbu za Mkutano

Agenda ya kwanza, kufungua kwa dua: imefanyika.
Agenda ya pili: ubeti wa Mize Shaame.

Waliohudhuria, mia mbili na kumi na nne.
Viti vya skuli vilituishia, wengine wakakaa madirishani,
harufu ya karafuu mbichi ikaingia nao,
kwa kuwa majamvi yalikuwa nje, hayajaanuliwa,
na mawingu ya Wete hayangoji mtu amalize hoja.

Ubeti nauandika kama ulivyosomwa:

*Kipaza kinanguruma, juu ya paa la bati,*
*Mwanangu anayo homa, halali wala haketi,*
*Ewe Mola wa huruma, ipi waipa wakati,*
*Ni chombo kinachovuma, au kwikwi za laiti?*

Basi. Mistari minne.
Kwamba homa ilikaa siku tisa, hakuna aliyeuliza.

Ndugu Kombo Machano alisimama akashika neno moja, *kinanguruma*.
Anayenguruma ni simba, akasema, na radi.
Je, adhana ni mnyama?
Ukumbi wote: Astaghfirullah.
Mtu wa nyuma akasema kipaza si adhana,
kipaza ni chuma, tulikichangia wenyewe, risiti ipo.
Jina lake sikuliwahi. Walikwisha mkalisha.

Bi Raya Ngwali hakupiga kelele.
Alisema mumewe alikufa akiingoja alfajiri,
na sauti ile ndiyo iliyomshika mkono mara ya mwisho.
Sasa kila akiisikia
analisikia na neno la Mize humo ndani,
kama mchanga kwenye wali.
Akalia. Nimeandika *alilia*
kwa sababu yale hayakuwa machozi ya siasa.

Mwenyekiti akasema: demokrasia, wananchi.
Wanaotaka daftari lichukuliwe
na Mize asisome tena mbele za watu,
wanyooshe mikono.

Nilihesabu. Ndiyo kazi yangu.
Nilihesabu na kofia, ambayo si kazi yangu:
kumi na saba kashona Mize,
nazijua kwa vitundu vyake, vidogo kama punje za mtama,
vitundu vya mtu anayekesha.
Mikono, mia mbili na kumi na moja.

Sisi!
Sisi ambao kila miaka mitano
tunarudi nyumbani kimya na wino kidoleni,
tukiulizana sauti yetu imemezwa na nani,
tulioapa kwamba wingi si haki, wingi ni wingi tu,
tulipewa chumba kimoja chenye paa linalovuja,
tukawa wengi kwa jioni moja,
na papo hapo tukajua la kufanya.

Waliokataa, watatu.
Mize mwenyewe.
Mtoto wa darasa la sita, aliyeinua mkono kama anajibu swali.
Niliambiwa nimfute, hana kura. Nimemfuta,
lakini kalamu yangu nyepesi, bado anasomeka.
Wa tatu ni Faki Hamad, muadhini.
Yeye hakunyoosha mkono, alisimama mzima.
"Naadhini mwaka wa kumi na moja," alisema,
"sijapata kuomba kura. Msiniombee leo."
Akakaa. Akasimama tena:
"Na kile kipaza kina kutu. Kinanguruma kweli."
Kuna waliocheka. Sikuandika nani.

Azimio: limepita.

Mengineyo: hayakujadiliwa. Mvua ilikuja,
kila mtu akakimbilia jamvi lake.

Daftari ninalo mimi, ndani ya droo ya vielelezo.
Jalada la buluu, limelowa pembeni.
Usiku huu nimelifungua mara mbili,
mara ya pili bila sababu ya kiofisi.

Nathibitisha kuwa hesabu iliyo hapo juu ni sahihi.
Mkono wa mia mbili na kumi na moja
ulikuwa wa kushoto, wa katibu.
Wa kulia ulikuwa unaandika.