Mtoto Kabla ya Mama

Nilianza kinyume, nakiri.
Prosesa niliipata kwanza, kwa Mshamu wa Chumbageni,
aliyekuwa anafunga duka na kuuza hata rafu.
Ilikuwa imelala ndani ya kijaluba, juu ya pamba,
vijisindano elfu na mia tatu na ushei vikitazama juu.
Elfu sitini tu.
Nilipofika nyumbani ndipo nikajua
nimenunua mtoto asiye na mama.

Wiki tatu nikazunguka Ngamiani,
barabara ya tisa, ya kumi, ya kumi na mbili,
kijaluba mfukoni, baiskeli mkononi,
nikizihoji bodi kama mtu anayeuliza ukoo:
tundu lako la namna gani?
umetoka mwaka upi?
umewalea wangapi kabla ya huyu?

Moja ilikuwa nyeusi, ina mataa kama ukumbi wa harusi,
lakini tundu lake nalo limejaa sindano,
na sindano kwa sindano hazishoni nguo.
Moja ilikuwa pana, ingetokeza nje ya kasha langu
lile la ofisi ya mkonge, lililotupwa nikalipiga msasa.
Moja, kapasita zimeumuka kama maandazi.
"Ndiyo sura yake," muuzaji akaniambia.

Nikamjibu kwamba baba yangu alikuwa fundi baiskeli.
Hakuelewa.
Lakini mzee Kilua hakuuza rimu bila kuhesabu matundu:
thelathini na sita kwenye habu, thelathini na sita kwenye rimu.
Kofi la kisogo nilipigwa mara moja tu maishani,
siku niliyolazimisha nati.
Kinachoingia kwa nyundo, alisema, hutoka kwa msumeno.

Mwanamkasi nilimkuta nyuma ya duka la kanga,
na miwani ya kushonea, na bodi ya kijani
iliyoliwa kona na hewa ya chumvi.
Akaisugua kwa mswaki na spiriti.
Akainua kijiwenzo, akaiweka prosesa bila kuibonyeza;
ikajilaza yenyewe
kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

Tukawasha. Feni ikazunguka.
Skrini ikabaki usiku.

"Haimjui," akasema.
"Tundu ni lile lile, ila bodi ni ya juzi, mtoto ni wa jana.
Lazima ifundishwe jina lake,
na haifundishiki mpaka iwe imebeba mwingine inayemjua."

Akafungua kompyuta yake mwenyewe,
ile anayotolea picha za pasipoti,
akang'oa prosesa kongwe, akaifuta, akanipa nilale nayo.
Hakuandika popote.
"Usinipindie sindano."

Makorora, saa nne usiku.
Luku ina yuniti nne; nikaongeza za elfu tano.
Nikamwomba jirani, mama Hoza, asichomeke pasi,
maana umeme ukikatika katikati ya somo
bodi hufa bubu.
Asilimia kumi. Ishirini na mbili.
Nilisimama kama niliyeshika ngazi na mtu yuko juu.
Sitini na moja, balbu ikapepesa.
Nikapepesa nayo.
Sabini.

Saa sita kasoro nikambadilisha mtoto,
na skrini ikaandika jina lake lote na tarakimu zake,
herufi nyeupe, bila haraka,
kama karani anayejaza cheti cha kuzaliwa.
Nikalisoma kwa sauti. Mara mbili.

Asubuhi nikarudisha kongwe ndani ya kijaluba.
Mwanamkasi akaielekeza kwenye mwanga wa mlango,
akapitisha jicho safu kwa safu.
"Sawa."
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Na memori?"
Ninayo moja, nikasema, ya gigabaiti nne, ya kuazima.
"Utaitafutia mwenzake. Kijipengo chake kiko wapi,
katikati, au kimesogea pembeni?"

Sikuwa nimeangalia.

Nikageuza baiskeli.