Moja Kasoro

Bi Siwatu kanipigia saa mbili asubuhi:
"Vitabu havifungi. Tofauti, senti moja."
Senti! Mjini hapa haipo tena,
hainunui hata njiti ya kiberiti,
lakini daftari la chama cha wauza vitenge,
Mtaa wa Kongo, linaidai kama deni la mahari.

Nikapanda ngazi, maana lifti ina ugonjwa wake,
nikakaa chini ya feni inayozungusha joto bila kulipunguza,
nikaiambia mashine: jumlisha sehemu moja ya kumi
mara kumi.
Ikajibu sufuri, nukta, tisa tisa tisa,
tisa hadi ukingo wa kioo.
Moja, kasoro unyoya.

Basi nikaivua nguo. Sikutaka sura, nilitaka mifupa.
Biti sitini na nne:
ya kwanza ishara, kumi na moja za kipeo,
hamsini na mbili zilizobaki ndizo nyama.
Nikazisoma kwa mafungu ya nne nne:
tatu, F, B, kisha tisa,
tisa kumi na mbili zimepanga foleni
kama ndoo kwenye bomba la Manzese,
na mkiani, A.
Pale pale.
Foleni haikuwa na mwisho; fundi akaikata,
ya mwisho akaipandisha cheo isichostahili.

Mashine ni muuza mchele wa kizamani:
ana pishi, ana kisaga, ana kibaba,
nusu kibaba, robo, nusu ya robo,
kila chombo nusu ya mwenzake.
Mwombe sehemu ya kumi.
Atamimina, atapunguza, ataongeza chembe,
mpaka usiku, na hatafika.
Hadanganyi. Hana chombo hicho.

Nukta inayoelea, ndivyo tuliitavyo jambo hili.
Ukiona vyaelea, vimeundwa,
na aliyeunda alijua panapovuja.
Leo imenielea, mwaka wangu wa sita kazini,
na moyo nao ukanielea, karibu nitapike,
nikikumbuka mishahara niliyoipitisha humu.

Mchana kutwa nikafuta nukta.
Kila shilingi nikaivunja senti mia, namba nzima.
Umeme ukakatika mara mbili,
jenereta ya jirani ikatukoholea moshi.
Saa kumi na moja vitabu vikafunga.

Bi Siwatu hakushukuru.
Alinisikiliza hadi mwisho, biti, kipeo, foleni,
akafungua mkoba, akapekua kati ya risiti,
akaweka juu ya kibodi senti kumi ya zamani,
ukingo wa mawimbi, punda milia amefifia.
"Sehemu ya kumi ya shilingi," akasema.
"Ilikuwa inaenea kiganjani."