Mchagua Koleo

Mchagua jembe si mkulima, husemwa.
Sawa. Lakini jembe halipandishwi nguzoni
mita kumi na moja juu ya theluji,
likabanwe kwa mikono miwili
huku miguu imeng'ang'ania vyuma vya kukwelea
na pua haijui tena kama ipo.

Sagynbek anajua. Majira ishirini na sita ya baridi
amebana viungo vya alumini kwenye laini ya Naryn,
kiungo kimoja, mibano minane,
na kila mbano huanzia begani,
hupita kiwiko, huja kufia kwenye kifundo cha mkono.
Sasa kikombe cha chai kinamtetemekea.
Mkewe humjazia nusu,
na hakuna anayelisema hilo mezani.

Bohari ya vifaa ni ya Aijarkyn,
fundi cherehani wa zamani, kiwanda kilipokuwa na kazi.
Ana jiliwa moja, tupa saba,
na redio ya stesheni moja.
Mwezi wa kumi alimwambia, "Niachie koleo lako."
Hakuuliza kwa nini.

Kwanza akairefusha mipini kwa shubiri.
Ugumu ulipungua, ndiyo,
ila mpini ukawa unagonga nguzo
kabla taya hazijakutana.
Vijana wakacheka: hilo ni la kutolea mikate tanurini!
La pili akalitia springi ya cherehani,
likawa linajifungua lenyewe,
hadi baridi ilipofika thelathini chini ya sifuri
na springi ikakatika kama biskuti.
Kipande chake hakijaonekana hadi leo.

La tatu, alimfinyisha Sagynbek donge la unga,
akavisoma vidole vyake humo,
akaipinda mipini kufuata alichosoma.
Akaivika sufu ya kondoo
iliyopigwa kwa maji ya moto ikawa ngumu kama soli,
maana chuma cha Januari hung'ata hata ndani ya glovu.

"Sasa weka jino," Sagynbek akasema.
"Jino lisiloliachia koleo lifunguke
mpaka mbano utimie."
"Litawaudhi vijana."
"Litaniudhi mimi kwanza."

Kisha akasimulia, macho kwenye tupa:
Februari ya mwaka juzi, giza linaingia,
kiungo cha mwisho. Mbano wa sita. Wa saba.
Mkono ukagoma.
Wa nane nikaugusa tu.
Ukikitazama, kilikuwa kizima.

Kilidumu siku kumi na tisa.
Kikashika joto, kikalegea,
taa za banda la Toktosun zikazimika
usiku kondoo wanazaa.
Asubuhi aliwapanga wanakondoo ukutani,
thelathini na wanne,
kama viatu vya wageni mlangoni.
Wakasema ni upepo.
Na mimi nikasema ni upepo.

Aijarkyn hakujibu.
Alizima redio. Akakata jino.

Vijana wameliita Mama Mkwe, kwa kuwa haliridhiki.
Ukilibana nusu linabaki limekiuma kiungo,
halisongi, halirudi,
utukane upendavyo, upepo unachukua.
Jana Sagynbek alikwama nalo kwenye mbano wa nane.
Akaegemeza paji la uso kwenye nguzo.
Akapumua. Tukamwona mvuke wake ukipanda,
mara moja, mara mbili, mara ya tano.
Akabana.
Ta!
Likafunguka.

Kikombe bado hujazwa nusu;
koleo halirudishi mkono uliokwisha kwenda.
Na ubaoni, kwa chaki, Aijarkyn ameandika:
*La nne. Jino liwe vilevile.
Mpini wa kushoto mzito. Punguza.*

Sufu ilitoka zizini kwa Toktosun.
Aliinunua kwa bei aliyotajiwa,
hakupatana,
wala hakumwambia ni ya nini.