Ukuta wa Kibla

Mjini Moshi, kibla ni mlimani.
Si mzaha. Simama Njoro alfajiri,
elekea Makka, na Kibo hiki hapa mbele yako
kimevaa kilemba cheupe, kama imamu
aliyewahi safu kabla ya muadhini.

Ndiyo maana ukuta ule hauna dirisha.

Fundi Shemndolwa, babu yangu, alishuka garimoshi
na mwiko, na pimamaji, na kikohozi cha Korogwe.
Mawe yalipanda kutoka mto Karanga
juu ya vichwa vya wanawake, bibi yangu mmoja wao,
mimba ya miezi saba,
akihesabu safari kwa punje za mahindi
alizofunga kwenye pindo la kanga.
Mbao za mlango ni mvule wa Rau;
alizileta Ndewirwa, Mlutheri, kwa mkokoteni wa ng'ombe,
akakataa malipo, akaomba tu
adhana isimshtue ndama wake.
(Ilimshtua. Akazoea. Ndewirwa naye akazoea.)

Ukuta wa mbele ulipofika usawa wa kifua
babu aliacha tundu, shubiri mbili kwa mbili.
Sheikh Abdulkheri akainama, akachungulia.
"Fundi, ziba.
Watasema watu wa Moshi wanasujudia barafu."
"Aliyeiumba, Sheikh, si ndiye huyohuyo?"
"Ndiye. Ziba."
Akaziba.
Siku tatu hakusema na mtu.

Mbele ya ukuta huo tumelia na kucheka.
Hapo jeneza la baba lilisaliwa,
nje mvua ikipiga bati la soko.
Hapo bei ya kahawa ilipoanguka
wanaume walirefusha dua, wakafupisha sadaka.
Hapo mimi, nyuma ya pazia,
nilijifunza alifu kwa kuchora vumbini
na kufuta kwa kisigino kabla mwalimu hajafika.

Mwaka jana masika ilivimbisha lipu.
Vijana waligonga, likadondoka pande zima,
na nyuma yake matofali ya babu
hayakutiwa chokaa:
yamepangwa tu, makavu,
kama mlango ulioegeshwa na mtu anayerudi.

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai.
Wakachomoa moja, la pili, la tatu.
Ukaingia upepo wenye harufu ya migomba,
kisha mlima, wote, ndani ya shubiri mbili.

Kilemba kimepungua, babu.
Siku hizi ni kofia,
tena kofia iliyofuliwa mno.

Imamu wetu, Ramia Mmari, bado kijana,
alichungulia hadi chai ikapoa.
Hakuna aliyethubutu kukohoa.
"Zibeni," alisema.
Halafu, amekwisha kufika mlangoni,
anatafuta kiatu cha kushoto kwa kidole cha mguu:

"Lakini msitie saruji."