Pima kwa Mkono

Niliharibu ndoo mbili Jumamosi ile ya Septemba,
jua la Katuba limekalia mabati.
Uji wa mahindi ulikuwa ukitokota bado,
pu, pu, kama mtu anayekoroma ndani ya sufuria,
nami, kwa haraka ya kwenda kutazama mpira,
nikatumbukiza mizizi yote ya munkoyo,
iliyopondwa ikawa nyuzi,
iliyokuja kwa baiskeli kutoka pori la upande wa Kipushi.

Tukangoja. Usiku ukapita.
Asubuhi uji ulikuwa uji:
mzito, mkaidi,
umeshika mwiko kama deni.

Shangazi Chansa hakupiga kelele.
Alihesabu vikombe ambavyo hatungeuza,
kisha akaushika mkono wangu
akautia katika sufuria nyingine,
iliyotolewa motoni tangu adhuhuri.
"Mukono yako inavumilia?"
"Inavumilia."
"Basi na muzizi itavumilia. Jana ulimuunguza."
Alisema hivyo, *ulimuunguza*,
kana kwamba mzizi una mama yake.

Miaka minne baadaye, Mwalimu Nkulu
alichora wanga ubaoni kwa chaki ya mwisho:
glukosi imeshika mkono wa glukosi,
imeshika mkono wa glukosi,
foleni hadi ukingo wa ubao, hadi ukutani.
Ndiyo maana unga si mtamu, alisema:
ulimi hauonji foleni,
huonja wachache wachache.

Akachora uzi mwingine, wa protini,
shanga za aina ishirini,
ukajikunja, ukajipinda, ukajirudia
mpaka ukafanya fundo,
na katika fundo, pengo.
Mnyororo unaingia pengoni, unabanwa kidogo,
tak,
unatoka vipande viwili.
Pengo linabaki lilivyokuwa.
Linasema: mwingine.

*Anzimu*, aliandika.
Mimi nilikuja kukuta jina la Kiswahili,
kimeng'enya,
nikalitafuna njia nzima ya kurudi nyumbani.

"Na moto ukizidi?" niliuliza,
ingawa jibu nilikuwa nalo mkononi.
"Mkunjo unafunguka. Shanga zote zipo,
hakuna hata moja iliyopotea,
ila pengo halipo.
Na hata ukipoa, haurudi.
Nani amewahi kuona yai la kuchemsha likirudi ute?"
Darasa likacheka.
Mimi niliona ndoo mbili.

Dirishani, lile bomba refu la kiwanda,
na kando yake mlima mweusi wa mabaki.
Baba alizeeka humo.
Jiwe, ili litoe shaba,
lilidai nyuzi joto elfu na zaidi,
na wanaume wa kuulisha moto kwa zamu.
Alikuwa akirudi nyusi zimeungua,
akiamini hakuna kinachogeuka bila tanuri.
Kumbe nyuma ya nyumba yake mwenyewe,
katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichopasuka,
kuna aliyekuwa akikata minyororo
bila cheche, bila king'ora,
bila kungoja mshahara wa miezi saba.

Juzi malaria ilimwangusha.
Thelathini na tisa na nusu.
Nilikaa naye na kitambaa cha maji,
umeme umekatika,
mkono wangu juu ya paji la uso wake
ukipima, ukipima tena,
nikifikiria mafundo yote yaliyomo ndani ya mzee huyu,
ya ini, ya damu, ya tumbo,
kila moja limeshikilia umbo lake
kwa vidole viwili.

Saa kumi alfajiri jasho likamtoka.
Akaomba munkoyo.
Niliuonja kwanza, kama alivyonifundisha shangazi:
mwepesi, mtamu,
na sukari hakuna aliyetia.
Akanywa akiwa ameegemea ukuta,
akafuta midomo kwa kiganja,
akauliza kama umebaki.