Herufi Iitwayo Mwiba

Muhula wa pili Dakta Chilongani alitupa shairi
la Waingereza wa miaka mia sita iliyopita,
mtunzi hajulikani, Kiingereza ambacho
hata Mwingereza wa leo angeomba mkalimani.

Usiku, bwenini, umeme uliporudi,
nikaiuliza akili mnemba kwa bando la mia tano.
Ikajibu kabla sijafuta vumbi kwenye kioo.
Ikanieleza theluji, mimi wa Mvumi,
nijuaye baridi ya Julai tu na upepo wake
unaopenya mlangoni hata ukiziba kwa kanga.
Ikanionyesha herufi iliyokufa, fimbo yenye kitambi,
isomwayo kama mwanzo wa thelathini.
Jina lake, ikasema, ni mwiba.

Mwiba! Huo naujua.
Ugogo yote imeshonwa kwa huo.
Nyayo zangu zina makovu ya njia ya shule.

Nikaiamini kwa sababu ya neno moja.
Nikaiachia iandike insha, nikalala.

Dakta hakufoka. Aliweka kidole
penye mstari nilionukuu kwa mbwembwe:
"Huu umeutoa ukurasa gani?"
Nikapekua. Nikapekua tena. Feni ikazunguka.
Mstari haukuwamo. Haukuwahi kuwamo.
Mzuri, una baridi na upanga, na hauna mama.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole;
hata Nyemo, kando yangu, alitazama dirishani.

Sikuifuta. Niliirudia
kama mtu amrudiaye fundi aliyemharibia nguo,
safari hii na futi mkononi:
Usinitafsirie. Nipe neno mojamoja.
Niambie mkazo waangukia wapi, nami nitahakiki kamusini.
Ikaomba radhi (huomba radhi upesi mno),
tukaenda mdogomdogo, mistari kumi na miwili kwa wiki.
Nikifika penye mwiba naweka ulimi kati ya meno,
nasubiri uchome.
Nagonga meza: vipande viwili, pumzi katikati,
kama ukwapi na utao,
ila wao hawafungi vina mkiani.
Wao hufunga vichwa,
sauti ileile mwanzoni mwa maneno.

Hapo nikacheka peke yangu, saa nane usiku.
Kitanda changu kibovu kimekatika kipande.
Nani alinifundisha? Ngeli tu.
Tangu utotoni ulimi wangu wafunga vichwa bila malipo.
Hili mashine haikuniambia. Sikuwa nimeuliza.

Nikajaribu wangu, nikigonga:

Changarawe Chimwaga chini zachakarika,
chupa ya chai chali, choo cha jirani chafungwa.

"Unapiga ngoma ya nini?"
Nyemo, kutoka kitanda cha juu.
Nikamsomea. Akanyamaza muda.
"Hicho kipande cha choo usikifute," akasema.
Kisha: "Na zima taa."