Elfu Tatu Kasoro Mmoja

Katika jumba la Kaunti ya Orrin, mlango wa pili,
kuna kiti kinachoinama kushoto.
Vlasta Kubicek alikikalia miaka ishirini na sita, karani,
nami nimekirithi pamoja na mto wake wa sufu,
mhuri wenye kutu, na rafu ya madaftari
yanayonuka gundi na panya.
Mshahara wake sikuurithi.

Usiulize nilikosa nini. Sikukosa.
Huku kwetu mshahara haukai mfukoni mwa mtu,
hakuna wa kupigiwa magoti.
Umo kitabuni, katika kifungu
kirefu kama treni ya ngano:
kaunti yenye watu elfu tatu au zaidi,
karani atalipwa hivi, mweka hazina hivi, sherifu hivi;
kaunti yenye watu pungufu ya hao,
atalipwa vile.
Kati ya hivi na vile
kuna dola elfu sita na mia nne kwa mwaka,
kuna tangi la gesi ya majira ya baridi,
kuna nyaya za meno ya mwanangu.

Wanasema sheria ni msumeno.
Wa kwetu hukata kila baada ya miaka kumi,
siku ya kwanza ya Aprili,
theluji ikiwa bado haijaamua kuondoka.
Aliyezaliwa usiku wa kuamkia siku hiyo, yumo.
Aliyekufa jana yake, hayumo.

Sherifu Haugen alijua hesabu inavyoning'inia.
Alizunguka na gari la serikali, shamba kwa shamba:
"Yule mjomba wa mjini, si bado analala hapa?
Hata Jumapili mojamoja?"
Akawabembeleza wajaze fomu
wachinjaji wa kiwanda cha nyama, wale wa kwenye trela,
ambao Februari nzima aliwadai vibali.
Mweka hazina, Bi Orpha Lindqvist,
aliomba mjukuu wake azaliwe mapema.
Akazaliwa mapema. Yumo.

Matokeo yakaja:
elfu mbili mia tisa tisini na tisa.
Haugen alipiga meza, kahawa ikamwagika
juu ya ramani ya mabomba.
"Mmoja! Ni nani huyo mmoja?"
Vlasta alikuwa anapanga faili. Hakugeuka.

Sheria, kwa adabu yake, haimpunguzii mtu aliye madarakani;
kisu hungoja muhula uishe.
Vlasta akamaliza wake, hakugombea tena.
Niligombea mimi. Nilipata kura mia sita na kumi na moja
dhidi ya hakuna mtu.

Januari, nikitafuta hati ya kisima,
nilifungua daftari la vifo.
Emil Kubicek, fundi pampu, miaka sabini na mmoja.
Amefia nyumbani, Machi thelathini na moja,
saa tano na dakika hamsini usiku.
Mwandiko wa mkewe. Wino haukutetereka.

Dakika kumi.
Daktari alifika alfajiri, viatu vimejaa tope,
akauliza saa ngapi,
akaandika alichoambiwa.
Hapakuwa na shahidi chumbani ila saa ya ukutani,
na saa ya ukutani, kila mtu Orrin anajua,
ya akina Kubicek haijawahi kwenda sawa.

Nimejaribu kumkasirikia.
Usiku, bili zikiwa zimetandazwa mezani,
nimegawanya elfu sita na mia nne kwa dakika kumi,
nikapata bei ambayo hakuna kifungu kinachoilipa.

Jana alikuja kulipia kodi ya nyumba.
Alisimama kwenye foleni kama wengine, kilemba cha sufu,
chenji akaihesabu mara mbili.
Nikampigia mhuri risiti. Kiti kikalia.
"Bado kinainama?"
"Bado."
"Mguu wa nyuma," akasema, akivaa glavu.
"Kunja gazeti mara nne. Sio mara tatu."